Nishani ya vita ya mzee wetu: iende makumbusho au ibaki sandukuni?

Mwana Unyanyembe: Wadau, bibi amenikabidhi nishani ya baba yake. Ni ile ya fedha ya Waingereza ya 1914–1918. Upande mmoja kuna Mfalme George V, upande wa pili mtu aliye uchi juu ya farasi anakanyaga ngao yenye tai. Ukingoni wamechapa namba yake, cheo, jina na KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika. Tai amelika kabisa. Bibi anasema mzee alikuwa akimsugua kwa kidole gumba kila jioni. Tuipeleke makumbusho ya Kwihara watoto wa Tabora waione, au ibaki sandukuni?

Mzee wa Gungu: Kwihara ni nyumba ya Livingstone. Mnataka mzee wenu akae tena kivulini mwa Mzungu? Ila na yeye alikuwa kibaraka tu.

Binti Isevya: Kibaraka? Shikamoo mzee, lakini lifute hilo neno. Septemba 1916 Mbelgiji anaingia Tabora, Mjerumani anakimbilia Mahenge na watu wetu, Mwingereza naye anaandikisha. Wapo waliotekwa wakiwa askari wa Mjerumani wakaishia KAR. Wangekwenda wapi?

Mzee wa Gungu: Marahaba. Silifuti. Babu wa baba yangu hakupewa bunduki wala kofia, alitwishwa mzigo kichwani. Nishani yake iko wapi?

Reli ya Kati: Wachukuzi wanakumbukwa, mzee. Sanamu ya Askari pale Dar, ya 1927, imewaandika kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

Mzee wa Gungu: Miguu na mikono! Jina je? Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Fundi Stesheni: Mzee wa Gungu, ninyi wa Kigoma msilie sana, meli ya Liemba mnayo. Si Waingereza waliizamisha wakawaopolea?

Mwanga Ujiji: Usipotoshe watu! Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, baada ya kupaka mashine grisi zisioze. Mwingereza aliiopoa 1924.

Fundi Stesheni: Sawa, nimekosea aliyeizamisha. Lakini dhahabu ni yetu: 1916 karakana ya reli Tabora ilichapa sarafu za rupia 15 zenye tembo.

Mwanga Ujiji: Ngapi zimebaki Tabora? Umewahi kuishika hata moja?

Binti Isevya: Hapo umenigusa. Ukoo wetu tulipeleka ngoma kwenye makumbusho moja, sitaitaja. Hatukupewa risiti. Tuliporudi, hakuna aliyeijua. Mwana Unyanyembe, usitoe kitu bila karatasi, na piga picha ukingo wote, herufi kwa herufi.

Fundi Stesheni: Mwanga, sarafu sijaishika. Nimeiona picha tu.

Mwana Unyanyembe: Picha nimepiga. Mzee wa Gungu, neno lako limeniuma, lakini la mzigo limeniuma zaidi. Nikiipeleka, nataka jina la babu yenu liandikwe kando yake. Aliitwa nani?

Mzee wa Gungu: Lake la kuzaliwa limepotea, mwanangu. Nyumbani tunamwita Aliyekwenda Mahenge.