Mtoto wa miezi 11 anaendesha maji: pakiti ya ORS ni maji kiasi gani?

MamaPendo, Nyalenda

Habari zenu. Naomba msaada wa wanaoyajua haya mambo vizuri. Mtoto ana miezi 11, kilo 8. Anaendesha maji matupu tangu jana jioni, mara 6 mpaka sasa, hakuna damu. Ananyonya bado, lakini nikimpa ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, anaitapika. Kemisti amenipa pakiti 4 za ORS na vidonge 10 vya zinki.

Jirani mmoja anasema pakiti moja inawekwa kwenye chupa ya soda, mwingine anasema ni lita nzima. Nimfuate nani? Nimpe kiasi gani, na akitapika nifanyeje? Zinki nayo inasaidia nini, na akipona siku ya tatu naweza kuiacha? Halafu mama mkwe anataka nisimlishe chochote ili tumbo lipumzike.

Muuguzi_Ahero

Pole sana, Mama Pendo. Kabla ya kushika kijiko, mkague kwanza. Finya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, katikati ya kitovu na ubavu, kisha achilia. Ikirudi papo hapo, sawa. Ikirudi polepole, maji yamempungua. Ikibaki imesimama zaidi ya sekunde 2, hali ni mbaya. Angalia pia macho kama yamedidimia, na nepi: akipitisha saa 6 bila mkojo, usingoje. Mtoto anayenyakua kijiko kwa kiu naye tayari amepungukiwa. Huyo mpeleke kituo cha afya, ambako atapewa ORS ml 75 kwa kila kilo kwa muda wa saa 4 huku akiangaliwa. Kwa kilo 8 hiyo ni ml 600.

Aliyelegea asiyeamka vizuri, asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au mwenye damu kwenye choo hangojwi mpaka asubuhi. Anabebwa saa hiyo hiyo. Kama yuko macho na anameza, aendelee kupewa kijiko kijiko njiani. Na choo kikitoka kama maji ya kuoshea mchele, kingi, bila kukoma, wahi vilevile, maana kipindupindu hurudi mara kwa mara huku kwetu kando ya ziwa.

Kama hana dalili hizo, unaweza kumtunza nyumbani. Kila anapoendesha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe ml 50 hadi 100, yaani vijiko vya chai 10 hadi 20. Mpe kijiko kimoja kila dakika moja au mbili, akiwa ameketi mapajani. Usitumie chupa ya kunyonyea. Mtoto mwenye kiu akipewa kikombe atakimaliza kwa pumzi moja, tumbo litajaa ghafla, atarudisha chote. Mama anaamua kwamba ORS haimkubali mtoto wake, anaacha, na hapo ndipo watoto wengi wanapotuponyoka. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza upya taratibu zaidi. Hata anapotapika, sehemu fulani huwa imeshateremka.

Tafadhali kumbuka pia kwamba ORS haifungi choo. Mtoto anaweza kuendesha siku 3 au 4 akiwa anaipata vizuri, na bado dawa inafanya kazi. Kinachoua ni maji na chumvi vinavyomtoka. Kwenye utumbo, chumvi huvuka ikiongozana na sukari, na maji huzifuata. Njia hiyo hubaki wazi hata virusi vinapokuwa vimechubua utumbo, mradi mchanganyiko uwe na kipimo sahihi.

Kemisti_Kondele

Niongeze kuhusu kipimo, kwa sababu majirani wako wote wawili wanaweza kukuponza. Soma pakiti yenyewe. Kuna za ml 500 na kuna za lita 1. Ile ya lita, ya fomula ya Shirika la Afya Duniani, ina gramu 20.5 za unga, na ya nusu lita ni kama gramu 10. Kwa hiyo hata maandishi ya maji yakifutika, uzito utakuambia.

Chupa ya soda ya kioo iliyozoeleka ni ml 300. Ukimimina humo pakiti ya ml 500, chumvi inakuwa zaidi ya mara moja na nusu ya ilivyokusudiwa. Mtoto atazidi kuwa na kiu, atakuwa msumbufu, na chumvi ikipanda sana kwenye damu anaweza kushikwa na degedege. Ukiiweka kwenye lita nzima inakuwa nyepesi mno, hairudishi chumvi iliyopotea. Tumia chupa ya maji ya plastiki iliyoandikwa ml 500, au pakiti tupu ya maziwa ya nusu lita iliyooshwa vizuri. Vikombe vya nyumbani havilingani, achana navyo.

Mimina pakiti yote kwa mara moja. Wako wanaochanganya nusu na kuhifadhi nusu, lakini unga huo haugawanyiki sawa na ukifunguliwa hunyonya unyevu. Maji yawe yamechemshwa na kupoa. Ukishachanganya usiichemshe, na usiongeze sukari wala juisi ili iwe tamu. Funika. Ikipita saa 24, mwaga, changanya nyingine.

Zinki: kuanzia miezi 6 ni kidonge kimoja cha mg 20 kwa siku, aliye chini ya miezi 6 ni nusu. Kiweke kwenye kijiko, ongeza maji kidogo au maziwa yako, kitayeyuka chenyewe ndani ya dakika moja hivi. Ladha yake ni ya chuma, kwa hiyo mfuatishie titi. Akitapika kabla ya nusu saa, rudia. Usiache siku ya tatu! Zinki hufupisha kuhara kwa sasa, lakini pia hupunguza uwezekano wa kuhara tena kwa miezi 2 hadi 3 ijayo, na faida hiyo utaipata ukimaliza siku 10 zote.

MamaPendo, Nyalenda

Asanteni sana. Pakiti imeandikwa ml 500. Ngozi inarudi haraka, amekojoa saa moja iliyopita. Nina shurubati ya Flagyl iliyobaki nyumbani, nimpe? Na zikiisha pakiti usiku?

Kemisti_Kondele

Flagyl usimpe. Kuhara maji kwa umri huo mara nyingi ni virusi, na Flagyl haigusi virusi. Itamtia kichefuchefu na kinywa kitakuwa kichungu, akatae hata ORS. Mwenye damu kwenye choo anahitaji dawa nyingine kabisa, na huyo ni wa kituoni. Dawa za watu wazima za kufunga choo, kama loperamide, ni marufuku kwa mtoto: utumbo unasimama, tumbo linavimba, maji yanabaki yamekwama ndani.

Pakiti zikiisha usiku, chemsha lita 1 ya maji, yakipoa tia sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vimesawazishwa juu kwa kisu. Vikiwa na kichuguu umeharibu. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Mchanganyiko huu hauna potasiamu kama wa pakiti, kwa hiyo ni wa kuvukia mpaka asubuhi tu. Soda na juisi za dukani hapana, sukari yake nyingi huvuta maji kutoka mwilini kuingia utumbo.

AfyaMtaani_Manyatta

Kwa heshima zote kwa mama mkwe, tumbo la mtoto halipumziki kwa njaa. Utumbo uliochubuka hujijenga kwa chakula. Nyonyesha mara nyingi zaidi kuliko kawaida, usiku na mchana. Mpe uji wa wimbi au mtama wenye mafuta kidogo, wali laini, ndizi iliyopondwa (ina potasiamu), viazi na omena iliyosagwa. Kidogo kidogo, kila saa 3 au 4. Akipona, ongeza mlo mmoja kwa siku kwa wiki 2, maana kilo zilizopotea hazirudi zenyewe.

Kuna jambo ambalo lazima niliseme kwa sababu ya umri wake. Atatokea mtu wa kukuambia kuhara ni "meno ya plastiki" na kwamba yuko mzee wa kuyang'oa. Kinachong'olewa ni chipukizi la jino la kawaida, kwa kifaa kichafu, na mtoto anaondoka na jeraha, damu na vijidudu juu ya kuhara kwake. Meno yanayoota hayaleti choo cha maji mara 6. Kinacholeta ni mikono na vitu anavyotia kinywani anapotambaa.

Akiwa na joto mwilini, apimwe malaria pia, huku kwetu mambo haya mawili hupanda pamoja. Maji ya kunywa tibu kwa klorini kwa kipimo kilicho kwenye chupa yake, ngoja nusu saa, hifadhi kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba au bomba ili vikombe na mikono visitumbukizwe. Choo cha mtoto kitupwe chooni, si kwenye mtaro, na osha mikono kwa sabuni kabla ya kushika kijiko cha ORS. Angalia pia kitabu cha kliniki kama alimaliza chanjo ya rota, virusi vinavyoharisha watoto. Kenya imekuwa ikiitoa tangu 2014, matone ya mdomoni kuanzia wiki 6.

Muuguzi_Ahero

Kwa usiku huu, Mama Pendo: andika kwenye karatasi kila anapoendesha, kila anapotapika, kila anapokojoa, pamoja na saa. Mfinye ngozi tena kila unapobadilisha nepi. Ukienda kituoni asubuhi, nenda na karatasi hiyo na pakiti uliyotumia. Kuhara kukifika siku 14, hata akiwa anacheza, lazima aonwe.