Lile gemu la Bibi (kundi la familia, Kigoma)

Binti Mdogo: Shikamooni wote. Ile PSP ya mtumba, mashine ya gemu ya mkononi, imewaka! Ndani kuna gemu la Lumines. Jana sikulala.

Shangazi Katubuka: Marahaba mwanangu. Ndiyo nini hiyo?

Binti Mdogo: Vinashuka vitofali vya rangi mbili. Ukipanga rangi moja ikakamilisha mraba, mbili kwa mbili, unapita mstari unaofuata mdundo wa muziki, unafuta. Ilitoka Japani 2004, kazi ya Tetsuya Mizuguchi na wenzake. Wahakiki waliipenda mno, Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, ina 89 kati ya 100. Walichosifia zaidi ni muziki ulivyoshikana na mchezo.

Kaka Dar: 89 kwa vitofali? Hakuna hadithi, hakuna mtu hata mmoja mle!

Mama Mdogo: Samahani, nani anapita Kibirizi? Naomba migebuka ya elfu kumi.

Mjomba Gungu: Mimi, jioni. Wewe wa Dar, sikiliza. Gemu la Tetris kwenye Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo, 1989, skrini haikuwa na rangi wala taa. Maumbo saba tu, kila moja miraba minne, yanashuka, mstari ukijaa unafutika. Ikasifiwa hivyo hivyo, kwa sababu ukishika huachi. Zikauzwa nakala kama milioni 35. Henk Rogers, mfanyabiashara aliyeipigania Tetris, alimweleza bosi wa Nintendo Marekani, Minoru Arakawa: ukitaka watoto wa kiume wainunue Game Boy, ifungashe na gemu la Mario, ukitaka kila mtu, ifungashe na Tetris.

Mjomba Gungu: Na huyo "kila mtu" mimi namjua. Ni mama yetu.

Shangazi Katubuka: Lile gemu lake la matofali, la kijivu! La Kichina!

Mjomba Gungu: Lile lile. Nilishuka nalo kwenye treni kutoka Dar. Mama hakujua kusoma, lakini siku ya pili alikuwa ameshatupita sote. Kifuniko cha betri kimekatika, amekifunga kwa mpira. Anajaza matofali kote, anaacha safu moja ya kulia wazi mpaka chini, anasubiri lile refu. Sisi tunapiga kelele, "Mama, unakufa!" Yeye kimya, kidole gumba kiko juu ya kitufe. Refu likija, mistari minne inaondoka kwa mkupuo.

Shangazi Katubuka: Alikuwa anasema ni kama kupakia magunia ya dagaa kwenye boti, usiache pengo.

Kaka Dar: Hii sikuwahi kuisikia 😢

Mjomba Gungu: Ndiyo maana nasema wahakiki walikuwa sahihi. Hadithi ingemwacha Mama nje, angehitaji mtu wa kumsomea. Maumbo hayakumwacha.

Binti Mdogo: Liko wapi sasa?

Shangazi Katubuka: Kwangu, kwenye sanduku la kanga zake. Betri zilivujia ndani, sehemu za chuma zimeota ukungu wa kijani.

Mjomba Gungu: Usiliguse na maji. Nakuja kesho na betri mbili mpya, nitakwangua taratibu.

Binti Mdogo: Mjomba nipitie, twende wote.