Tupeane uzoefu: zawadi za sanaa ulizobeba kutoka nyumbani

Wakuu, habari za jioni. Huu ni mwaka wangu wa saba Ujerumani, na mwezi ujao nashuka Dar kwa wiki tatu. Safari iliyopita niliumia. Kinyago nilichouziwa kwa bei ya mpingo kilitoa weusi mikononi mwa mzee mmoja jirani yangu, mtu aliyenipokea kama mwanawe. Nilimkabidhi kwa heshima zote, halafu nikamwona anapangusa vidole. Waliowahi kubeba vinyago, kanga au vikapu, naombeni uzoefu wenu.

*

Pole sana mkuu. Baba yangu alikuwa mchongaji, Mmakonde wa Newala, nimekulia kwenye vumbi la mpingo. Mpingo ni mzito, ukiutia majini unazama. Ukiinua kinyago kikubwa na mkono haulemewi, kirudishe. Kigeuze utazame kitakoni, maana huko rangi ya viatu hupakwa haraka haraka, ukwaruze kidogo kwa kucha. Ila usikimbie chenye ukanda mweupe wa manjano pembeni. Hiyo ni sehemu ya nje ya mti. Weusi uko kwenye kiini tu, na wachongaji wengine huuacha makusudi.

Ukifika Mwenge, kwenye soko la vinyago la Dar, usiishie maduka ya mbele. Fuata mlio wa tezo, ukae. Kama ni ujamaa, wale watu waliobebana kwenye gogo moja, muulize aliyechonga watu hao ni akina nani. Atakuonyesha bibi yupi na mjukuu yupi. Baba alikuwa akimpunguzia bei mtu aliyeuliza hivyo. Na huko Ulaya usikiweke karibu na hita, kitapasuka.

*

Na kanga someni jina, jamani! Nilimnunulia wifi yangu wa Muscat doti pale Darajani, Zanzibar, nyekundu nzuri mno, nikatazama rangi tu. Akaifungua mbele ya wageni: "Hasidi hana sababu." Akaikunja taratibu, akaiweka chini ya kiti. Karibu mwaka mzima hatukusemeshana, na hakuna aliyeamini kwamba sikusoma. Siku hizi muuzaji anafungua doti yote, nasoma, ndipo naulizia bei. Mama mkwe nilimpelekea "Wema hauozi" na anajitanda nayo mpaka leo.

*

Magamba ya kasa na pembe za ndovu msiguse, hata mkiambiwa ni vya zamani. Mimi kombe kubwa la baharini tu lilichukuliwa uwanja wa ndege.

*

Salamu kutoka Kisii. Sisi watu wa Tabaka tunachonga mawe ya sabuni. Ni laini, kisu kinaingia, ndiyo maana pia huvunjika upesi. Usiyatie kwenye sanduku linalorushwa rushwa na wapakiaji, beba mkononi. Funga kila moja kwa leso, yaani kanga. Nayo leso ni zawadi ukifika.

*

Asanteni sana, na dada wa Darajani nimekuelewa. Sitajaza sanduku safari hii. Nitachukua kinyago kimoja cha kumpa yule mzee jirani yangu, hata kama nitakaa Mwenge siku mbili nikisubiri kimalizike, na nitamwomba fundi aandike jina lake mwenyewe kitakoni.