Nakala rudufu za rekodi za wagonjwa: diski za nje au wingu?

Mtunza Masjala
Wakuu, zahanati ina kompyuta 5: mapokezi, vyumba 2 vya daktari, maabara na dirisha la dawa. Rekodi zote ziko kwenye seva moja ya MySQL (programu ya hifadhidata), kama GB 4. Tunapima kati ya diski 2 za nje za kupokezana na huduma ya wingu, yaani kuhifadhi kwenye seva za kampuni kupitia intaneti, ya kulipia kila mwezi. Kipi salama zaidi?

Fundi Seva
Diski, kwa sharti kwamba haikai imechomekwa. Virusi vya kudai fidia hufunga kila kinachoonekana kwenye kompyuta, diski ya nje ikiwemo. WannaCry, kirusi cha aina hiyo cha Mei 2017, kilichokwamisha hospitali za Uingereza, kilisambaa chenyewe kwenye mitandao ya ndani, na marekebisho ya Windows yalikuwa yametoka tangu Machi. Chukua nakala jioni kwa mysqldump (zana ya MySQL ya kutoa data kwenye faili), chomoa, fungia kabatini. Diski ya pili ilale nje ya jengo, mbadilishane kila wiki.

Binti Ruvu
Mkuu, hiyo inayotoka nje ya jengo ikisahaulika kwenye daladala, majibu ya VVU ya watu yako mikononi mwa yeyote. Simba diski nzima, yaani data isisomeke bila nenosiri, kabla ya kuweka faili la kwanza. Windows Home haiwezi kuisimba kwa BitLocker, zana ya Windows ya kusimba. Tumia VeraCrypt, ni bure. Mwenye BitLocker achapishe ufunguo wa kurejesha, tarakimu 48, nakala 2: moja kwa mganga mfawidhi, nyingine kwa mmiliki. Usibandikwe kwenye diski kamwe! Na ukipotea, nenosiri nalo likisahaulika, hakuna fundi atakayeifungua diski.

Mzee wa Kebo
Mimi nasimama na wingu, maana kuchomoa diski kila jioni ni kazi ya mtu, na mtu husahau. Ila GB 4 kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 2 ni saa 4 na nusu, kwa hiyo bana faili kwanza lipungue ukubwa na upandishe usiku. Lisimbwe likiwa bado kwenye seva yako. Akaunti inayopandisha isiwe na ruhusa ya kufuta, na matoleo ya nyuma yabaki siku 30. Folda inayojisawazisha tu haitoshi: faili likiharibika huku, linaharibika na kule.

Binti Ruvu
Uliza pia seva zao ziko nchi gani. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya ni nyeti, na kuzipeleka nje ya Tanzania kuna masharti.

Mtunza Masjala
Asanteni. Kurejesha tunajaribuje?

Fundi Seva
Kila mwezi, kwenye kompyuta isiyo na mtandao. Rejesha, linganisha idadi ya wagonjwa na ya seva, fungua vipimo vya siku ya mwisho, kisha futa ulichorejesha kwenye kompyuta hiyo ya majaribio. Kabla ya hapo tazama mwisho wa faili: mysqldump iliyokamilika huandika "Dump completed". Diski ikijaa katikati, faili utaliona lipo, lakini mstari huo haupo. Picha za eksirei mara nyingi hukaa kwenye folda nje ya MySQL, zinakiliwe peke yake.