Nyie mnaoingia na viatu kwenye sakafu za mbao za watu, mna shida gani lakini?

Wakuu habari za jioni, leo sina salamu ndefu nina hasira, na najua humu wapo wenye hii tabia kwahiyo msome vizuri.

Nipo Uyole hapa Mbeya. Anayeijua Uyole mwezi wa sita anajua, ukikanyaga tailizi asubuhi ni kama umekanyaga barafu. Ndo maana nilivyomalizia sebule nikasema mimi naweka mbao. Nikafata paini Mafinga, zimekauka vizuri, fundi akapanga ubao kwa ubao, akapiga msasa, akapiga vanishi mikono mitatu, tukalala kwa shemeji siku mbili harufu iishe. Fundi aliniambia kabisa bosi tafuta mninga wa Chunya, paini ni laini, ila hela ndo ilikuwa imeishia hapo. Kwahiyo wale wa "si ungeweka mninga" nawawahi mapema, najua, tulieni.

Sasa mwezi wa tatu huu, mvua hazikatiki, washenga wakaja kumposa mdogo wangu. Watu kumi na mmoja. Mlangoni nimeweka kichanja cha viatu, nimeweka na ndala mpya pea nane nimenunua Mwanjelwa. Na nisiwe mnafiki, wale washenga walisimama pale mlangoni, wakaangalia sakafu inavyong'aa, mmoja mtu mzima tu akainama kabisa ameshashika kamba ya kiatu. Mzee wangu akatokea nyuma yangu na viatu vyake vya shamba katoka navyo Tukuyu asubuhi, akasema aaa ingieni tu, ingieni na viatu, hapa ni nyumbani!

Nyumbani kwa nani mzee?

Yule mshenga akaachia kamba. Wakaingia wote. Mimi nimesimama natabasamu kama chizi, maana utaanzaje kumpinga baba yako mbele ya wakwe? Wife yuko jikoni anachungulia, na kwa mila zetu za Kinyakyusa mkamwana na baba mkwe hata kusogeleana ni kwa adabu, sembuse atoke amwambie vua viatu.

Halafu mjue udongo wa huku sio udongo wa kawaida. Una vile vijiwe vya volkano, vyepesi vyenye matundu matundu, ndo jamaa wa lile jiwe mnalosugulia magaga bafuni. Sasa mtu analeta jiwe la kusugulia magaga chini ya soli anakaa kwenye sofa masaa matatu huku anatingisha mguu, krr krr krr, hiyo si ni msasa? Vanishi ni utando mwembamba tu, mchanga ni mgumu kuliko vanishi, ukishakwaruza maji yanapata njia ya kuingia kwenye ubao. Na kulikuwa na mama mmoja ana kiatu cha kisigino chembamba, uzito wake wote unashukia kwenye kitu kama kifuniko cha kalamu. Kuanzia mlangoni mpaka meza ya chakula kuna vishimo vimejipanga utadhani kuku kadonoa. Nimehesabu mpaka arobaini nikaacha maana presha.

Haijaisha. Walivyoondoka shangazi kwa nia njema kabisa akamwaga ndoo nzima ya maji sebuleni akaanza kudeki na brashi ngumu kama anaosha banda la ng'ombe. Shangazi mbao hazidekiwi hivyo! Unafagia mchanga kwanza kwa ufagio laini, halafu unapitisha kitambaa umekikamua mpaka hakidondoshi. Asubuhi mbao tatu za pale mlangoni zimevimba, kingo zimenyanyuka, mtoto akipita anajikwaa.

Na nikiongea naambiwa nina maringo. Eti kumvua mgeni viatu ni dharau, eti umekuwa Mjapani. Ndio, Japani watu wanavua mlangoni na hakuna anayenuna. Kwani msikitini mnaingia na viatu? Kwa mganga mnavua, tena haraka bila kuambiwa mara mbili, kwangu ndo dharau?

Mwingine anasema nikiacha nje vitaibiwa. Kichanja kipo NDANI ya mlango ndugu yangu, nani akuibie, mimi? Tena kwa taarifa yenu wezi ni nyie, zile ndala nane zimebaki tano na hakuna aliyevua kiatu, sasa hizo tatu zimeondokaje? Nieleweshwe.

Ukweli ninao, kinachowasumbua wengi ni soksi. Mjomba wangu tumebishana wee mlangoni, mara mgongo unauma, mara kamba ngumu, siku amevua ndo nikaelewa, kidole gumba kiko nje chote kinasalimia. Mjomba niambie tu nikupe soksi, hata sitacheka (nilicheka kidogo).

Fundi kaja kuangalia, anasema zile mbao tatu zilizovimba zing'olewe, zingine zipigwe msasa upya zirudiwe vanishi. Na ubao huwezi kuupiga msasa kila mwaka, kila ukipiga unapungua, kuna siku utakuta misumari.

Sasa Jumamosi hii wanarudi kikao cha pili na mzee anakuja pia. Nimekata boksi nimeandika kwa maka peni VUA VIATU TAFADHALI nimebandika mlangoni kwa nje. Wife kabandua. Nimebandika tena. Sasa hivi nimetoka kuangalia, kabandua.