Onyesho la filamu za majaribio darini: tuanze na Vertov, Marker au Mambéty?

mwana_kibokoni: Wenzangu, onyesho liko darini Mji wa Kale, Mombasa, na wengi hawajawahi kutazama filamu za aina hii. Zimebaki tatu: *Man with a Movie Camera* (Dziga Vertov, 1929), *La Jetée* (Chris Marker, 1962) na *Touki Bouki* (Djibril Diop Mambéty, 1973). Ipi itangulie?

fundi_projekta: Vertov. Ni filamu bubu isiyo hata na maandishi ya kueleza matukio, basi lugha haimwachi mtu nje. Kuna mahali farasi yuko mbioni, ghafla picha inaganda. Kisha anaonekana mhariri Elizaveta Svilova mezani na vipande vya utepe, na nyuso za watoto zilizoganda zinaanza kucheka. Hapo ndipo mtu anapofahamu uhariri ni kitu gani. Tafuteni nakala ya EYE, jumba la makumbusho ya filamu la Amsterdam. Nakala nyingi za zamani zilikatwa ukingo wa kushoto kupisha njia ya sauti, ule ukanda wa sauti kando ya utepe. Projekta iwekeni uwiano wa picha wa 4:3, la sivyo watu wanavimba kama mahamri.

bi_tudor: Ndugu fundi, dakika 68 bila hadithi kwa mgeni? Simu zitatoka mifukoni. Marker ni dakika 28 tu. Karibu yote ni picha mnato; mara moja tu picha inatembea, mwanamke kitandani akifumbua macho. Waambieni mapema, wasije wakadhani kompyuta imekwama. Msimulizi ni mmoja, kwa hiyo tafsiri si kazi kubwa: andikeni Kiswahili kwenye faili la SRT, yaani la maandishi ya tafsiri yanayotokea chini ya picha, lihifadhiwe kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, na jina lake lilingane na la filamu.

likoni_feri: Bi Tudor, itakayojadiliwa barazani ni *Touki Bouki*. Mory na Anta wanasaka pesa za kupanda meli Dakar waende Ufaransa. Watu wa bandari hawahitaji kuelezwa. Mambéty anavuruga wakati kusudi, na wimbo wa mwimbaji Josephine Baker wa kuisifu Paris unarudiwa mpaka unakuwa kejeli. Ila mwanzoni ng'ombe wanachinjwa kweli, na mbele kuna uchi. Watoto wasiwepo.

fundi_projekta: Haya, Marker kwanza, kisha Mambéty, Vertov apewe usiku wake, na muziki ambao Michael Nyman aliitungia filamu hiyo. Anzeni baada ya Isha. Shuka ya kuonyeshea picha ifungwe pembe zote nne, kusi likivuma picha inakunjamana.

mwana_kibokoni: Nimepata. SRT naanza kuiandika leo.