Mrejesho: mtoto aliyekunywa mafuta ya taa

Wakuu, niliuliza kuhusu mpwa wangu wa miaka miwili aliyekunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya maji, kama apewe maziwa au atapishwe. Anaendelea vizuri, yuko nyumbani tangu juzi.

Mliosema asitapishwe, asanteni sana. Daktari naye alisema hivyo hivyo: hatari kubwa si mafuta kukaa tumboni, ni kuingia kwenye mapafu, na kutapika ndiko kunakoyapandisha. Maziwa nayo hayasaidii, yanaweza kumtapisha tu. Bibi yake aling'ang'ania kikombe cha maziwa hadi tunapanda bajaji (na bado hajakubali).

Hospitali walimvua nguo maana zilikuwa zimelowa mafuta, wakamwosha kwa sabuni, wakambana kidoleni kile kidude cha kupima oksijeni. Mwanzoni alikuwa anacheka, nikaona tunapotezewa muda. Baadaye akaanza kukohoa na kuhema harakaharaka, mbavu zikibonyea ndani kila akivuta pumzi. Akawekewa oksijeni na kupigwa eksirei. Ndiyo maana huwa wanamwangalia mtoto angalau saa 6 hata kama anaonekana mzima.

Hakuoshwa tumbo kwa ndani kwa mpira. Antibayotiki hakupewa pia, kwa sababu mapafu yalikuwa yameunguzwa na mafuta, si maambukizi ya bakteria.

Na yule aliyependekeza mkaa (ule wa dawa, wa kunasa sumu tumboni): niliuliza, nesi akasema mafuta ya taa hayanasi vizuri kwenye mkaa, na mkaa wenyewe ukimtapisha mtoto ndiyo balaa zaidi.